Nani ameshika spana? Mwongozo kamili wa kugawa praktikali kwa haki chuoni

Ntaanza na aibu yangu mwenyewe, manake nisipoitaja mtadhani nlizaliwa najua. Nafundisha mashine za boti kwenye chuo kimoja cha ufundi huku Lamu, na kwa miaka nlikuwa najisifu kwamba darasa langu ni la vitendo, hakuna kukaa na daftari tu, tunaingia wekshopu tunafungua mashine. Siku moja mgongo uliniuma nikakaa kwenye stuli pembeni badala ya kuzunguka, na kwa kuwa sina la kufanya nikaanza kutazama mikono. Si nyuso, mikono tu. Wanafunzi 12, mashine moja ya 40, yaani nguvu za farasi 40, imefungwa kwenye stendi, saa 2 nzima, na spana imepita kwenye mikono ya watu 3. Kati ya hao 3, wawili baba zao wana boti. Binti mmoja wa Faza ambaye darasani ndo anayejibu maswali yote ya nadharia alikuwa ameshika tochi. Saa 2 ameshika tochi! Kijana mwingine ametumwa soda, na aliyemtuma ni mimi.

Sa kwenye rejista wote 12 wamehudhuria praktikali. Wote wana tiki. Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka kitu kimoja, nakiita dakika za mkono, yaani mtu ameshika kifaa mwenyewe kwa dakika ngapi. Hayo mengine, nia nzuri na hotuba za mkuu wa chuo, hayafungui boliti.

Nikisema walioachwa nyuma najua mtu atafikiria wasichana peke yao. Ni wasichana ndio, lakini huku kwetu kuna wa visiwani, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, wanaokuja na boti, kuna Waboni wa kina Basuba na Mangai, kuna Wasanye na Waorma, kuna wenye ulemavu, kuna yule ambaye ndo wa kwanza kwao kukanyaga chuo na hana wa kumuuliza atachimenti (yale mafunzo ya kazini nje ya chuo) ni kitu gani, na kuna mwenye deni la ada ambaye anaishi akiviziana na mhasibu. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 56 inazungumzia nafasi maalumu za elimu kwa jamii za wachache na zilizotengwa, na ya 54 inawataja watu wenye ulemavu. Ziko kwenye karatasi. Hapa tuongee wekshopu.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujabadilisha chochote

Chukua karatasi moja, andika majina upande wa kushoto, na juu chora vyumba vya kila dakika 5. Kila dakika 5 inua kichwa uweke alama: K ameshika kifaa, A anaandika, T anatazama, N ametumwa nje au anafagia. Bas. Saa 2 ni alama 24 kwa kila mtu. Kama una watu 12 na mkono wako haufiki kote mwombe mwalimu mwenzio akae nawe, lakini usimpe mwanafunzi kazi hiyo manake huyo mwanafunzi ndo tayari ushampokonya dakika zake.

Fanya hivyo siku 2 au 3 tofauti na usimwambie mtu, ukiwaambia watajipanga vizuri mbele yako. Halafu kaa nyumbani na chai yako uangalie nani ana K ngapi, na jiulize huyu anatoka wapi, analala bweni au anakuja na boti, ana deni, Kiingereza chake kikoje, ashawahi kugusa mashine kabla ya kuja hapa. Hapo ndo utaona mistari inajichora yenyewe. Mimi nlijua wasichana wangekuwa chini, hilo halikunishangaza, kilichonishangaza ni kwamba wavulana wawili wa bara walikuwa chini kuliko hata wasichana na sikuwahi kuwaona kwa sababu ni wapole, hawasumbui, na mwalimu yeyote anampenda mwanafunzi asiyesumbua.

Tahadhari moja: hiyo karatasi usiisome mbele ya darasa. Mtu akisikia "wewe una K mbili tu" umemwongezea aibu, hujamwongezea spana.

Hatua ya 2: Fuata bahari, ratiba ije baadaye

Hii wenye vyuo vya bara hawaielewi. Mwanafunzi wangu wa Kizingitini nlimkata maksi muhula mzima kwa kuchelewa, nikimwona mzembe, mpaka siku nlipopanda boti hiyo mwenyewe kwenda mazishini. Ule mkondo wa Mkanda maji yakikupwa boti ya abiria inasubiri. Boti inaondoka kwa maji, haiondoki kwa saa ya mwalimu, na maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo wiki hii boti inang'oa nanga alfajiri, wiki ijayo inang'oa jua limeshapanda. Mimi nimeandika praktikali ni Jumatatu saa 2 asubuhi, kila Jumatatu, kama vile bahari imesaini mkataba na chuo.

Cha kufanya ni hiki. Tafuta jedwali la maji la mwaka, Mamlaka ya Bandari hulitoa, au muulize nahodha yeyote pale gatini atakupa la kichwani. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kwetu maji hukupwa sana kwenye saa 4 au 5 asubuhi na kujaa mida ya saa 10. Wiki ya maji mafu ni kinyume na tofauti ya kujaa na kupwa inapungua. Weka jedwali la maji juu ya ratiba ya muhula na uangalie Jumatatu zipi wa visiwani hawawezi kufika kabisa. Halafu badala ya vipindi vya saa mbili mbili vilivyotawanyika weka siku 2 nzima mfululizo, ili mtu avuke mara moja, alale kwa jamaa au bweni, afanye kazi, arudi. Nauli ya mara moja badala ya mara 5. Wale wa Mpeketoni na Witu nao wanafaidika maana wao wana matatu mpaka Mokowe kisha boti tena.

Ukipanga safari ya nje, tuseme kwenda Matondoni kuangalia jahazi linavyoundwa, angalia pia Ijumaa, angalia Ramadhani, angalia kusi likikaza mwezi wa 6 na wa 7 bahari inakuwa si ya mchezo, na mzazi wa binti atamkataza kupanda boti, na atakuwa sawa. Safari ya kulala nje usiifanye ya lazima kwa maksi bila njia nyingine ya kupata maksi hizo hizo. Nshaona binti ameacha kozi kwa sababu ya safari ya usiku mmoja ambayo hata haikuwa na maana kubwa, ilikuwa ya kutembea tu.

Hatua ya 3: Ovaroli, buti, na swali la nani analipa kikivunjika

Barua ya kujiunga na chuo inasema mwanafunzi aje na ovaroli, buti za chuma mbele, miwani ya kinga, glavu na seti ya spana. Mwenye nacho anakuja navyo siku ya kwanza anaanza kazi, asiye nacho anasimama mlangoni "kwa usalama wake". Ukisoma ile karatasi ya hatua ya 1 utaona asiye na buti ndo mwenye T nyingi. Kwa hiyo vifaa viwe vya stoo. Vichache lakini vya stoo, kila mtu anachukua na kurudisha, hata mwenye vyake nyumbani achukue vya stoo, ili asijulikane nani ni maskini. Sisi tulianza na ovaroli 6 za mtumba tukazishona upya, tukawa tunaingia kwa zamu mbili.

Sa kuhusu mabinti na mavazi. Hapa watu wanagawanyika, wengine wanasema avue buibui au atoke, wengine wanasema mwache hivyo hivyo. Zote mbili ni makosa. Nguo inayoning'inia karibu na flaiwili inayozunguka inaua, si utani, lakini pia kumwambia mtoto wa watu avue ndo kumfukuza kwa lugha ya adabu. Tuliwauliza wenyewe, wakakaa na fundi cherehani wa mtaani, wakaja na ovaroli pana inayofika chini ya goti na suruali ndani, mikono ina mpira kwenye kifundo cha mkono, na hijabu fupi ya kuvuta kichwani isiyo na pini wala ncha, inaingizwa ndani ya kola. Iligharimu kitambaa tu na ufundi. Mpaka leo sielewi kwa nini haikunijia mapema kuuliza.

Halafu kuna hili la kuvunja, na kwangu mimi ni kubwa kuliko buti. Vyuo vingi vina sheria kwamba ukivunja unalipa. Mtoto wa mwenye boti akikata kichwa cha boliti anacheka, atalipiwa. Yule ambaye mamake aliuza mbuzi akapata ada hatagusa kabisa hiyo boliti, atashika tochi kwa hiari yake na utadhani hana hamu. Anaogopa bili. Andika ukutani kwa maandishi makubwa: kifaa kikivunjika ukiwa unajifunza chini ya usimamizi, halipi mtu. Pigania hilo kwenye mkutano wa idara mpaka lipite. Na watafutie mashine iliyokufa, ya kufungua na kuharibu, siku ya kwanza kila mtu akate boliti moja makusudi halafu afundishwe namna ya kuitoa. Ile hofu ikishuka hapo, hutaipata tena.

Hatua ya 4: Vikundi (soma hapa polepole)

Hapa ndo kuna kazi yenyewe. Ukiwaambia "jipangeni watu wanne wanne" umeshamaliza haki yote kabla ya kuanza, manake marafiki watakaa na marafiki, wanaojua na wanaojua, na waliobaki watakuwa kikundi cha waliobaki na wao wenyewe wanajua ni kikundi cha waliobaki. Panga wewe.

Kwanza ukubwa. Watu 3 kwa mashine, 4 ikizidi sana. Kama una mashine moja na watu 12, usiwaweke wote 12 pale, gawa kazi vituo 4 tofauti: kimoja mashine, kingine kabureta kuukuu mezani, kingine giaboksi ya chini iliyofunguliwa, kingine kuchanganya mafuta na kupima. Hii ya kuchanganya watu wanaidharau lakini ni hesabu nzuri, mchanganyiko wa tu-stroku wa 50 kwa 1 unamaanisha lita 20 za petroli zinakwenda na mililita 400 za oili, mwache mwanafunzi apime mwenyewe na chupa, akikosea uone anakosea wapi. Kila nusu saa kengele, vituo vinahama.

Pili usimtawanye mtu wa aina yake peke yake. Nlikuwa na mabinti 4 na vikundi 4, nikaweka mmoja mmoja kila kikundi nikajiona nimefanya usawa. Kumbe nimetengeneza makarani 4! Kila kikundi kilimpa binti yake kalamu kwa sababu "mwandiko wake mzuri". Weka wawili wawili, vikundi viwili vibaki bila, si dhambi. Hivyo hivyo kwa Waboni, kwa wa visiwani. Mtu akiwa na mwenzie anathubutu.

Tatu majukumu yawe na majina na yawe na saa. Mshika kifaa, msoma maelekezo, mwandishi. Kengele ikilia yanazunguka. Mshika kifaa peke yake ndo anagusa. Wengine wote mikono nyuma, na hapa nina sheria ambayo wanafunzi wameipa jina la swala, kwa sababu ya mikono kufungwa: anayejua zaidi anaruhusiwa kusema, haruhusiwi kunyoosha mkono. Ni ngumu wallahi. Kijana aliyekulia kwenye boti anaona mwenzie anageuza spana upande usio, mkono wake unaruka wenyewe. Mwambie atumie maneno. Akimwambia "hapana, nipe mimi" umempoteza mwenzie, akimwambia "jaribu kushoto, sikiliza ile boliti" amefundisha, na yeye mwenyewe amelazimika kujua kwa nini ni kushoto, jambo ambalo mara nyingi hakuwa analijua, alikuwa anajua kwa mkono tu.

Nne, mfanye kila mtu awe anahitajika. Kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Elliot Aronson, mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilipoacha kutenga watoto kwa rangi na ugomvi ukawa mwingi madarasani, yeye na wanafunzi wake wakaja na mbinu ya kugawa somo vipande, kila mtoto anapewa kipande chake anakwenda kukijifunza na wenzie wenye kipande hicho hicho, halafu anarudi kikundini kuwafundisha wengine. Hakuna anayeweza kumaliza bila mwenzie. Mimi naifanya hivi kwenye kubadilisha impela ya pampu ya maji: mmoja anajifunza kushusha giaboksi na ule mkono wa gia bila kuupinda, mmoja anajifunza kutoa impela na kukitunza kile kichuma kidogo cha kuifunga kisianguke mchangani, mmoja anajifunza gasketi na kurudisha na kupima ule mchirizi wa maji nyuma ya mashine. Nilimpa yule binti wa tochi kipande cha impela. Wavulana walikuwa wanamwita wao wenyewe, manake bila yeye mashine haikai.

Sa msidhani haya ni maneno ya mwalimu wa kisiwani tu. Mwaka 2020 timu ya watafiti Marekani ikiongozwa na Elli Theobald ilikusanya tafiti nyingi za madarasa ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakakuta pale mwalimu alipoacha kuhutubia akawafanya wanafunzi wafanye wenyewe, ile tofauti ya matokeo ya mitihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao ilipungua kwa asilimia 33, na tofauti ya kufaulu kozi kwa asilimia 45. Lakini kuna sharti, na watu wakinukuu wanaliruka: tofauti ilipungua pale vitendo vilipochukua sehemu kubwa ya muda wa darasa. Kuonja onja hakukusaidia. Praktikali moja kwa mwezi ni kuonja.

Hatua ya 5: Lugha, na kile wanachokuja nacho

Vitabu vya mashine ni Kiingereza, mtihani Kiingereza, na gatini hakuna anayeongea hivyo. Tengeneza karatasi moja ukutani yenye safu mbili: jina la kitabuni na jina la gatini. Waache wanafunzi walete ya kwao, Wabajuni wana yao, watu wa Amu wana yao, mtabishana na mtacheka. Lakini usimwonee mtu huruma ukamficha lile la kitabuni, siku ya mtihani huruma yako haitamsaidia.

Na kila mtu anajua kitu. Wa Siyu kakulia na ngozi na sindano, mkono wake kwenye gasketi ni mzuri kuliko wangu. Wa Matondoni anajua mbao. Kuna mwanafunzi wa msituni anasikia sauti ya mashine ikibadilika kabla yetu sote. Usiwafanye maonyesho ya utamaduni, wape kazi inayotumia kile kitu. Na yule ambaye kafanya ufundi miaka 10 gatini bila cheti mwambie kuna utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi aliopata kazini, na kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya 3 kupanda mpaka ya 1, si lazima aanze a be che na watoto.

Hatua ya 6: Ulemavu

Kwa ufupi kwa sababu kila mtu ni tofauti na jibu la kwanza ni muulize yeye. Shusha stendi ya mashine, anayekaa kwenye kiti afikie. Kama kuna kiziwi, weka taa inayowaka pamoja na kengele, simama aone mdomo wako, na tafuteni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya angalau kwa siku za usalama, hapo usikisie kisie. Mwenye mkono mmoja mpe kibano cha mezani kishike kile ambacho mkono wa pili ungeshika. Kwenye kupima, pima kazi iliyotoka: boliti imekaza au haijakaza? Alivyosimama akiikaza hakukuhusu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina utaratibu wa vifaa saidizi, fomu ijazwe mapema. Na vichochoro vya Mji Mkongwe wa Lamu mnavijua, ngazi na punda, kwa hiyo praktikali ya mtaani ichague njia kwanza uipite mwenyewe.

Hatua ya 7: Atachimenti

Hapa ndo usawa unakufa kimya kimya hata kama wekshopu yako ni nzuri. Chuo kinampa mwanafunzi barua kinamwambia katafute. Mwenye mjomba bandarini, mwenye baba anayejuana na mwenye hoteli Shela, anapata kwa simu moja. Asiye na mtu anazunguka na barua mpaka inachakaa, mwisho anakaa kwenye duka la jamaa anauza chaja halafu logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, inajazwa kwa kubuni.

Chuo ndo kitafute nafasi, mwanafunzi asitafute. Andika orodha ya sehemu zote, karakana za boti, hoteli, mashine za barafu za samaki, bandari kule ng'ambo, miradi ya maji, na uende mwenyewe mguu kwa mguu. Waulize mambo 3: mtampa kazi gani hasa, nani atamsimamia, mna choo na sehemu ya kuswalia anayoweza kutumia msichana. Kisha ugawaji uwe wazi, kila mwanafunzi anataja chaguo 3, na zikigongana mnapiga kura ya kuchomoa karatasi mbele ya wote. Nlitukanwa na wazazi wawili mwaka wa kwanza. Wa pili wakazoea.

Nauli na chakula hesabu kabla. Nafasi nzuri iliyoko mbali ni nafasi ya mwenye pesa. Waajiri wengi wanataka bima ya ajali, ichukueni kwa pamoja kupitia chuo, usimwache kila mtu aihangaikie. Wapeleke wawili wawili ikiwezekana, hasa mabinti na hasa wa mbali.

Na kuna lile tusilopenda kuliongea. Bosi anayemtaka binti wa atachimenti. Kabla hawajaondoka wakalishe, waambie kwa Kiswahili cha wazi, wape namba za simu za watu wawili, mmoja mwanamke, na uwaambie mtu akiondoka kwa sababu hiyo hapotezi hata siku moja ya maksi, sisi tutamhamisha kwanza na maswali baadaye. Halafu mwenyeji naye apewe karatasi inayosema hivyo hivyo, asome, asaini. Mmoja alikataa kusaini. Tulimshukuru tukaondoka.

Wiki ya 2 nenda, usingoje ya 10. Usimuulize msimamizi "anaendeleaje", atakwambia mzuri sana, ana heshima. Muulize mwanafunzi jana umeshika nini. Akijibu chai, na juzi chai, kaa na msimamizi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Maksi na ada

Orodha ya vitu utakavyopima waipate siku ya kwanza, si siku ya mtihani, manake mwenye kaka aliyepita hapo anayo tayari. Maksi ya kikundi ipungue, kila mtu afanye sehemu yake peke yake mbele yako, hata dakika 10. Aliyeshindwa arudie baada ya wiki bila adhabu, ufundi ni kuweza, tarehe uliyoweza haina maana sana. Kwenye ule mtindo mpya wa umahiri, wa kupimwa kwa unachoweza kufanya, mwanafunzi anatakiwa akusanye ushahidi wa kazi zake, picha na video, sa asiye na simu nzuri anaonekana hajafanya kitu. Simu moja ya idara, mwandishi wa zamu ndo anapiga picha za wote. Imeisha hiyo.

Ada sasa. Siku za kufukuza watu kwa ajili ya ada mara nyingi zinaangukia katikati ya muhula, ndo wakati wa praktikali nzito. Nadharia mtu atanakili kwa mwenzie, dakika za mkono hazinakiliwi. Nenda kwa mhasibu na ratiba yako ya zile siku 2 mfululizo, omba zisiguswe. Wengine watakubali, wengine hawatakubali, omba tena. Na mwanzoni mwa mwaka tenga mchana mmoja mkae wote na fomu za HELB (mikopo ya wanafunzi), za CDF (mfuko wa jimbo) na za basari ya kaunti, mkijaza pamoja, maana wa kwanza kwao kwenda chuo hana wa kumwambia kwamba fomu isiyo na muhuri wa chifu ni karatasi ya kufungia maandazi.

Hatua ya 9: Hesabu tena

Karatasi ile ile, baada ya wiki 6. Mimi muhula uliopita K za mabinti zilikuwa zimelingana na za wengine, za wa visiwani karibu. Binti wa Faza siku hizi ndo anayewapigia wengine kelele za mikono nyuma. Aliyebaki chini ni kijana mmoja wa bara, kila kitu tumefanya, kikundi kizuri, buti za stoo, na bado kengele ikilia zamu yake anapokea spana anaishika kama yai. Nikamvuta pembeni nikamuuliza, akaniambia ile mashine hata ikisemwa hailipwi bado ni ya watu. Anataka yake ya kuvunja. Kwa hiyo natafuta giaboksi ya 15 au ya 40, iliyooza, isiyofaa hata kwa vipuri, mwenye nayo aiache pale gati ya Mokowe kwa wabeba mizigo, aseme ni ya mwalimu wa mashine, watanipigia.